Faili Lililoitwa Filbert

9 Desemba

Nimerudi kazini leo. Mama Oktavia, mwenye steshenari, alitaka nipumzike mpaka mwaka mpya. Nikamwambia nyumbani nako nakaa tu, bora nikae mbele ya kompyuta. Hakubisha. Mjane wa wiki moja habishiwi, hata akisema anataka kula mkaa.

Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Upande wa mbele wa hii kuna nusu ya barua ya mtu anayeomba kazi ya udereva. Karatasi za namna hii haziishi dukani kwetu.

Filbert alianguka tarehe moja kutoka kwenye kenchi ya nyumba aliyokuwa anaipaua, njia ya kwenda Njombe. Mbao zilikuwa zimelowa. Tukamzika kwao Kichiwa. Nimeandika haya yote na sijasikia kitu.

Wasifu wake niliuandika mwenyewe, hapahapa dukani, kwenye kompyuta ya karibu na mlango. Sikumbuki nilichoandika. Nakumbuka vidole tu. Shemeji Odilo, mdogo wa Filbert, ndiye aliyeusoma kaburini mvua ikimpiga, na nakumbuka kuna mahali watu walicheka, kile kicheko kidogo cha msibani, halafu wakalia. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya mchungaji. Karatasi ilikuwa moja tu, na aliponirudishia ilikuwa imelowa, wino wote umetiririka. Nimeianika, imekauka, haisomeki.

11 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Dirisha la jikoni linavuja. Nimeweka sufuria.

14 Desemba

Rejoice, mwanangu, yuko likizo mpaka Januari. Anafagia, anapika, hanisemeshi sana, na mimi simsemeshi. Leo akasema akiwa anamenya viazi: "Mama, mimi sikusikia walichosoma juu ya baba. Nilikuwa ndani na kina shangazi, nilikuwa nimelazwa."

"Nitakuprintia," nikamwambia. "Ipo dukani kwenye kompyuta."

"Sitaki. Nikisoma mwenyewe nitasoma haraka. Nataka kusikia kule kule, siku ya msalaba."

Kwenye ukoo wao, kaburi hujengewa na kuwekewa msalaba mvua zikiisha, udongo ukishakaa. Siku hiyo wasifu husomwa tena, maneno yaleyale ya siku ya mazishi, pasipo kuongeza wala kupunguza. Mama mkwe anasema marehemu haagwi kwa maneno mawili. Kwa hiyo nikamwambia Rejoice sawa, utasikia.

15 Desemba

Kanisani. Watu wamenishika mkono.

16 Desemba

Hakuna.

28 Desemba

Niandike jinsi duka linavyokwenda, maana leo limenigusa.

Kwetu hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Akija mtu wa kadi ya harusi, unafungua kadi ya harusi ya juzi, unafuta Anthony, unaweka jina la bwana harusi mpya, unahifadhi kwa jina lingine. Barua za kazi hivyohivyo, mialiko ya kipaimara hivyohivyo, na wasifu wa marehemu hivyohivyo. Marehemu wote wa Makambako walikuwa wacheshi, wapenda watu na wamwabudu Mungu katika roho na kweli. Nimeandika mimi mwenyewe na kuwazika wengi kwa sentensi hiyo.

Leo tumekwenda kumzika mama yake Fidelia, muuza mboga wa pale karibu na reli. Mama Oktavia alifunga duka saa sita, tukaenda wote watatu, pamoja na Remmy, mwenzangu wa kazini. Mwinjilisti akasoma. Alipofika katikati nikasikia: "Ukimwomba chumvi, alikupa na mchicha." Nikageuza kichwa. Akaendelea: "Akichemsha viazi, vidogo alikula yeye, vikubwa aliwaachia wengine."

Viazi vile navijua. Nimevila miaka kumi na sita. Na kabla haijageuzwa kuwa ya mchicha, sentensi ile ilikuwa ya Filbert: ukimwomba nyundo, alikupa na misumari.

Tuliporudi nikamwuliza Remmy. Yeye ni mtu wa Lupingu, kule ziwani, hana haya ya watu wa baridi.

"Dada Emilia, ni kweli nimeitumia," akasema. "Ile ya shemeji Filbert ni nzuri mno. Nikaona kuiacha ilale kwenye kompyuta ni dhambi."

"Umeitumia kwa wangapi?"

"Huyu ni wa pili. Lakini nahifadhi kwa jina jipya. Ya shemeji iko vilevile, haijaguswa."

Nilijua napaswa kukasirika. Nikakaa nikaingojea hasira. Haikuja, akaja mteja wa fotokopi.

3 Januari

Fidelia amekuja kushukuru, kaleta kabichi mbili. Akauliza: "Nani aliwaambia habari za viazi? Mama alikuwa vilevile! Tumelia ndugu wote." Remmy akaangalia sakafu. Mimi nikasema, "Mungu amlaze pema."

Nimeona wivu. Nauandika kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kukiona tangu tarehe ile. Ulidumu mpaka nilipofika nyumbani.

7 Januari

Mteja kataka kujua tofauti ya Word na PDF, anasema mwanae wa chuo amemchanganya. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Ukipewa Word, umepewa unga: utakanda upendavyo, na jirani yako naye atakanda. Ukipewa PDF, umepewa ugali uliokwisha songwa: utamega, hutaurudisha kuwa unga. Ukipewa picha iliyopigwa na simu, hiyo ni picha ya ugali, hata kumega huwezi. Akauliza na ule wa WhatsApp je? Huo, nikamwambia, ni ugali uliopita mikononi mwa watoto wote wa mtaa.

Akacheka. Mama Oktavia akaniambia leo umechangamka. Nilikuwa nasema tu, kama redio.

Baadaye Remmy akasema, "Ile ya shemeji tuisonge basi, tuifanye PDF, ikae salama." Ni kazi ya kubofya mara mbili. Nikamjibu nitafanya kesho.

12 Januari

Rejoice karudi shuleni Njombe. Nimempa sweta la baba yake. Linamfika magotini.

13 Januari

Sikuifanya ile PDF.

19 Januari

Shemeji Odilo kapita akitokea Iringa. Akanywa chai jikoni, akalitazama dirisha, akatikisa kichwa. "Shemeji, samahani, lakini hili dirisha ni aibu. Limepinda kama mgonjwa wa kiuno. Kaka kapaua nusu ya Makambako, kwake kaacha hivi?"

"Linavuja," nikasema.

"Nitaleta fundi mvua zikikata, kabla ya siku ya msalaba. Wageni watakuja hapa, wataona nini?"

Nikasema sawa. Alipoondoka nikabadilisha maji ya sufuria.

26 Januari

Mvua. Ulanzi unauzwa nje ya duka na wanywaji wanaimba wimbo wa Pasaka. Januari.

2 Februari

Yule fundi magari, kaka yake mteja wetu Timoth, kazikwa jana. Sikwenda, lakini wasifu umetembea kwenye makundi ya simu hata mimi umenifikia: "Ukimwomba spana, alikupa na grisi." Chini yake mishumaa minane na mikono iliyofumbwa, na mtu kaongeza mstari wa Zaburi, na mwingine kaongeza tuma kwa watu kumi ubarikiwe.

Filbert anatembea sana siku hizi. Akiwa hai hakupenda safari.

10 Februari

Remmy hakuja.

11 Februari

Remmy amefiwa. Baba yake mdogo, mzee Polikarpo, aliyemlea tangu utoto, kafariki kule Lupingu. Alikuja asubuhi mara moja, macho mekundu, umeme unakwenda na kurudi kwa sababu ya radi, akakaa kwenye kompyuta ya mlangoni. Nikamwambia nitakuandikia mimi. Akakataa. Aliandika haraka, akaprinti, akakimbilia gari la Ludewa lililokuwa limeshawashwa. Kule njia zinateleza, ukichelewa la kwanza hufiki mazishini.

Nilimpa mkono. Nilimwambia pole kama nilivyoambiwa mimi, na sauti ilitoka ileile.

24 Februari

Mama mkwe kanipigia. Mama Yunis anazungumza kwenye simu kama anaita mtu bondeni, masikio yake yamechoka.

"Kamwene, mwanangu! Tarehe tatu mwezi wa tano, Jumamosi! Mchungaji kakubali! Ile karatasi iandae!"

"Ndiyo mama."

"Ileile! Hata pale walipocheka usipaondoe! Sikusikia maneno, ila niliwaona wanacheka, moyo wangu ukapoa!"

Nikaenda kwenye kompyuta. Kuna faili linaitwa FILBERT. Nikalifungua kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Juu limeandikwa: Wasifu wa Marehemu Mzee Polikarpo. Kuzaliwa kwake Lupingu, kubatizwa kwake, mitumbwi yake. "Ukimwomba kasia, alikupa na samaki."

Nikadhani nimekosea faili. Nikafunga, nikafungua tena. Mzee Polikarpo yuleyule.

Nikaendelea kulaminisha vyeti vya watu. Nimeunguza kimoja pembeni.

25 Februari

Remmy karudi kutoka ziwani, kakonda. Nikamwonyesha bila kusema. Alilitazama jina la faili juu, akatazama maandishi, akashika kichwa.

"Umeme ulikuwa unacheza," akasema. "Niliogopa utakatika nipoteze. Nikasevu tu. Nikasevu juu yake. Dada Emilia, nimemfuta shemeji."

Nilikuwa na maneno makali, nilikuwa nimeyapanga tangu jana. Lakini nikamwuliza, "Kwa nini hukuandika yako? Baba aliyekulea, huna la kusema juu yake?"

"Sikuwa na maneno. Nilikaa hapo, nikaandika jina, halafu hakuna. Nikafungua ya shemeji, nikaona maneno yapo." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Na kule nimeaibika. Nilisahau kufuta ile ya kwamba hakuwahi kukosea kipimo cha mbao. Mwinjilisti kaisoma kwa sauti, na mzee alikuwa mvuvi! Watu wakatazamana. Halafu mzee mmoja akasema ni kweli, ndiyo maana mtumbwi wake haukuwahi kuingiza maji."

Nikaona kwamba tumeiba kwenye mfuko mmoja, mimi na yeye. Mimi nilipokosa machozi niliandika, yeye alipokosa maneno akachukua yangu. Sikumsamehe, lakini kulikuwa hakuna wa kugombana naye.

1 Machi

Nimejaribu kuandika upya. Nimekaa tangu tulipofunga hadi giza likaingia. Imetoka hii: Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, na alimwabudu Mungu katika roho na kweli.

Nimeifuta. Filbert hakuwa mcheshi. Alicheka mara mbili kwa mwaka.

8 Machi

Nimekwenda Njombe na boksi la kompyuta, Mama Oktavia kanipa ruhusa. Baridi ya kule ilikuwa ya kuuma meno. Fundi kompyuta, Ebeneza, alikuwa amevaa masweta mawili na kofia ya sufu, akafungua, akachokonoa, akanipa chai, akachokonoa tena.

"Ingefutwa, mama, ningeitafuta," akasema. "Kilichofutwa huwa kipo mahali kimelala. Hiki hakikufutwa. Kimeandikwa juu. Chini yake hakuna tena."

"Hakuna kabisa?"

"Pole sana."

Nikapitia shuleni. Rejoice kanisalimia mbele ya wenzake kwa heshima, halafu akanivuta pembeni. "Mama, umeniletea sabuni? Na ile ya baba ipo salama?"

"Sabuni ninayo," nikasema.

Hakuuliza tena. Ana macho ya baba yake, yanaona mbao iliyopinda toka ng'ambo ya barabara.

9 Machi

Mvua. Upepo unaingia dirishani. Nimeziba na kitenge cha zamani.

17 Machi

Nimempigia Odilo. Nikamwuliza anakumbuka nini alichosoma.

"Shemeji, sema kweli, mvua ilikuwa inanipiga usoni. Nilisoma kama mtoto wa darasa la pili, neno kwa neno."

"Walicheka wapi?"

"Mwishoni mwishoni. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka. Lakini walichekea nini… Hapana. Ila usisahau, fundi wa dirisha atakuja tarehe ishirini na tisa mwezi wa nne."

2 Aprili

Mama Oktavia ndiye aliyetoa wazo, huku akihesabu bahasha. "Si mlimgawa? Basi mkamkusanye."

Nimemtazama mama huyu miaka yote nikidhani anapenda bahasha tu.

5 Aprili

Tumeanza. Remmy ana orodha kichwani ya aliowapa.

Fidelia anao wasifu wa mama yake kwenye simu, PDF. Hiyo inakubali kunakiliwa, lakini ukibandika inakuja imekatikakatika kila mwisho wa mstari, maneno yamebebana. Nimeyanyoosha moja moja. Mchicha nimeurudisha kuwa misumari, chumvi nikairudisha kuwa nyundo. Viazi nimeviacha, viazi havikubadilishwa.

Fidelia alikuwa amesimama nyuma yangu na kapu lake. Nikamweleza yote, kwamba yale maneno yalikuwa ya mume wangu kwanza. Nilidhani atanuna. Akasema, "Kumbe walikuwa wawili duniani," akaniwekea fungu la mnavu juu ya meza.

6 Aprili

Wa kaka yake Timoth. Tumeondoa mishumaa, mikono, Zaburi, na baraka za watu kumi. Chini yake Filbert alikuwepo, kapakwa grisi. "Hakuwahi kukosea sauti ya injini." Nikaandika: hakuwahi kukosea kipimo cha mbao.

12 Aprili

Wa kwanza kabisa aliyepewa ni marehemu mwalimu Lenard wa Ludewa. Ndugu zake wamepiga picha karatasi iliyolaminishwa, wametuma. Mwanga wa taa umeng'aa katikati, na chini kidole gumba cha mpigaji kimeziba mstari. Remmy akajaribu ile programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, ikatutolea "Akichemsha vlazl vldogo" na alama za kushangaza. Nikaketi nikaandika upya kwa kutazama.

Kuna sentensi: "Kanisani alikaa karibu na mlango, kwa unyenyekevu wake." Vidole vikasita. Unyenyekevu wapi! Filbert alikaa mlangoni kwa sababu bawaba za mlango wa kanisa zilifungwa na fundi mwingine, na kila zilipolia alinitazama. Nilikumbuka sura yake kabisa, na jinsi nilivyokuwa namfinya asiseme neno kwenye sala. Ndizo nilizokuwa nimeandika, bawaba. Remmy ndiye aliyeleta unyenyekevu.

Nikasema kwa sauti, "Bawaba!" Mteja wa fotokopi akashtuka.

20 Aprili

Pasaka. Rejoice yupo. Tumekwenda kanisani, tumekaa karibu na mlango. Bawaba zinalia bado.

Jioni nikamwambia ukweli wote, tangu umeme wa Remmy mpaka kidole gumba. Alisikiliza akiwa amejifunika lile sweta. Nilitegemea atalia. Akauliza, "Imebaki kiasi gani?"

"Karibu yote. Haipo ile waliyochekea."

"Basi haijabaki karibu yote," akasema.

26 Aprili

Nimeziweka zote tatu na ya mzee Polikarpo pembeni kwa pembeni. Zinakubaliana kila mahali. Zote zinaruka kutoka kanisani kwenda moja kwa moja kwenye "marehemu ameacha," kila mmoja na watu wake. Hapo katikati kulikuwa na kitu. Naona mahali pake kama unavyoona mahali palipotolewa jino. Wote wanne hawana.

Nimejaribu kuikumbuka nikiosha vyombo, nikitembea, nikiwa nimefumba macho. Nina uso wa Filbert sasa, nina viazi, nina bawaba. Hiyo sina. Leo nimelia kidogo, kwa hasira, kwenye sinki.

28 Aprili

Niandike polepole.

Asubuhi nilimwambia Remmy tuikubali hivyohivyo, tumsomee mtoto iliyopo. Alikuwa anapanga karatasi kwenye printa, mgongo kwangu.

"Na ile ya dirisha umeirudisha?" akauliza.

"Dirisha gani?"

Akageuka. "Ile sentensi ya dirisha la jikoni. Ile niliyokuwa naifuta."

Nikakaa kitini.

"Si haimfai mtu mwingine yeyote," akasema. "Nyundo unaibadilisha, viazi kila mtu anakula. Hiyo hata ufanye nini haimkai mtu. Kila nikifungua faili la shemeji, jambo la kwanza, naishika hiyo naiondoa. Kwa mwalimu Lenard, kwa mama Fidelia, kwa yule wa Timoth. Hata kwa baba mdogo niliiondoa hiyo kwanza, nikiwa sioni hata herufi vizuri. Nilidhani unayo kichwani, dada, ni nyumba yako!"

"Iseme."

Remmy akatazama vitufe, si mimi, akaisema bila kukwama, kama mtoto anayesema amri kumi:

"Katika nyumba yetu kila kitu kimenyooka isipokuwa dirisha la jikoni, kwa sababu hilo nililipigilia mimi. Alikataa kulinyoosha mpaka mwisho. Alisema akilinyoosha, nyumba itabaki yake peke yake."

Tulikuwa tumehamia siku ile, hata saruji haijakauka. Nilikuwa na mimba ya Rejoice. Yeye kaenda kununua misumari, mimi nikasema ngoja nimwonyeshe. Aliporudi, nikiwa nimesimama juu ya ndoo na nyundo mkononi na dirisha limelala upande, alicheka. Mara ya kwanza kati ya mbili za mwaka ule. Na mimi nimekaa miezi mitano chini ya dirisha hilo nikibadilisha maji ya sufuria, nikijibu sawa, sawa, mleteni fundi.

Imeniuma. Imeniuma mpaka nikashika meza. Mama Oktavia akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akageuza kibao, akaenda zake nyuma akatuacha. Remmy naye analia, anasema nisamehe dada, na mimi nalia, namwambia nyamaza, iseme tena. Akaisema tena. Nikaiandika.

29 Aprili

Fundi wa Odilo kaja na msumeno na timazi. Nimempa chai na viazi vya kuchemsha, vikubwa. Nikamwambia dirisha ni zima.

Akalitazama, akanitazama. "Mama, limepinda."

"Najua. Kunywa chai."

3 Mei

Kichiwa. Jua kali la baada ya mvua, udongo umekaa, msalaba mweupe. Odilo alisoma polepole safari hii. Rejoice alisimama mbele kabisa, mkono wa bibi yake begani.

Penye nyundo watu waliitikia kwa vichwa. Penye bawaba mzee wa kanisa alikohoa. Penye dirisha Odilo mwenyewe alisita, akanitazama akamkumbuka fundi wake, halafu akamalizia. Wakacheka. Walicheka palepale. Mama Yunis, asiyesikia, akawaona, akaanza kucheka naye, akisema kwa sauti ya bondeni, "Ndiyo hapo! Ndiyo hapo!" Rejoice akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Nililia kwa sauti, nikashikwa na wanawake, kama ilivyotakiwa kufanywa Desemba.

5 Mei

Kazini. Remmy kaiweka kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kaituma kwa simu ya Rejoice. Akauliza, "Sasa tuisonge PDF, watu wasiiguse tena?"

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. "Iwe na PDF yake, ya Rejoice," nikasema. "Lakini na Word iache hapohapo ilipo. Watu wanakufa, na wengine hawana maneno."

"Na ile ya dirisha?"

"Hiyo utaifuta, kila mara."

"Kila mara, dada."

Saa nne kaingia mama mmoja wa Mahongole, kanga mbili, miguu ina tope kavu, kasema mume wake kafariki jana na ameambiwa hapa wanaandika vizuri. Remmy akasogea. Nikamwambia huyu ni wangu.

Nikamvutia kiti. Nikafungua faili la Filbert, kwanza nikalihifadhi kwa jina jipya, nikaangalia mara mbili. Kisha nikaishika ile sentensi kutoka mwanzo wake hadi mwisho, nikaifuta kwa mkono wangu. Pakabaki pengo, na kile kijiti cheusi kinapepesa.

"Mama," nikamwuliza, "nyumbani kwenu kuna kitu gani kimepinda?"